Herufi Ishirini na Mbili: Jinsi Kipimo cha Vinasaba cha Homa ya Bonde la Ufa Kinavyobuniwa

Mwaka 2007 na 2008, watu 17,872 wa Mkoa wa Mbeya walishiriki katika utafiti mkubwa wa afya. Baadaye watafiti walichagua sampuli za watu 1,228 miongoni mwao ili kuangalia kama damu zao zilikuwa na kingamwili dhidi ya virusi vya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa unaoenezwa na mbu ambao wafugaji huutambua kwa dalili moja ya kutisha: ng'ombe, mbuzi na kondoo wenye mimba kuzitupa karibu wote kwa msimu mmoja. Kwa sampuli zote kwa pamoja, waliokutwa na kingamwili walikuwa asilimia 5.2. Lakini katika eneo moja la karibu na Ziwa Nyasa, upande wa Kyela, walipimwa watu 150 na asilimia 29.3 kati yao walikuwa nazo. Takribani watu watatu katika kila kumi walikuwa wamekwisha kukutana na virusi hivyo, na bado hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyewahi kutambuliwa kitabibu katika eneo hilo, wala mlipuko uliowahi kugunduliwa.

Takwimu hizo zimenikaa moyoni kwa sababu ya kile zinachokisema juu ya homa zetu za kila siku. Mtu wa Kyela aliumwa kichwa, viungo vikamchoma, akapata homa kali kwa siku nne au tano. Huenda alikwenda zahanati, huenda alinunua dawa ya malaria dukani na kulala. Akapona, akarudi shambani kwenye mpunga na kakao, na ugonjwa wake ukapita bila jina. Kwa walio wengi homa ya Bonde la Ufa hupita hivyo hivyo, na ni sehemu ndogo tu ya walioambukizwa ambao hupata madhara ya macho, homa ya ubongo au kutokwa na damu. Ndiyo maana mlipuko wa mwaka 2007 nchini Tanzania ulionekana kuua kwa kiwango kikubwa mno: washukiwa 511 waliripotiwa kutoka mikoa 10 kati ya 21 ya Tanzania Bara iliyokuwapo, Iringa ikiwa miongoni mwake, maabara ikathibitisha wagonjwa 186, na waliofariki walikuwa 144. Wengi wa wale waliougua kidogo na kupona majumbani hawakuingia kwenye hesabu hiyo kamwe.

Kingamwili zilizopimwa Mbeya zilieleza yaliyopita. Mwili unapokutana na virusi huanza kutengeneza kingamwili baada ya siku kadhaa, na zile za kudumu hubaki kwa miaka mingi, kwa hiyo kuzikuta kwenye damu ni sawa na kukuta nyayo za mgeni aliyekwisha kuondoka. Anayetaka kumkuta mgeni mwenyewe ndani ya nyumba, yaani virusi vikiwa bado katika damu ya mgonjwa wa leo, katika ini la kijusi kilichotupwa jana au katika tumbo la mbu aliyenaswa usiku, huhitaji kipimo kinachosoma vinasaba vya virusi vyenyewe. Kipimo hicho hubuniwa na watu, na ubunifu wake umejaa maamuzi ambayo mgonjwa na daktari hawayaoni wakati wa kupokea karatasi iliyoandikwa neno moja, «hasi» au «chanya». Nia yangu ni kuyafungua maamuzi hayo, kwa sababu nimeona neno «hasi» likibebeshwa maana ambayo aliyebuni kipimo hakuikusudia.

Tuanze na kinachotafutwa. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa vilitengwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1930, katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na maelezo yake yakachapishwa na Daubney, Hudson na Garnham mwaka 1931. Vinasaba vyake si DNA kama vyetu bali ni RNA, na havikuandikwa kwenye uzi mmoja: vimegawanyika katika vipande vitatu ambavyo wanasayansi huviita L, M na S, kwa maana ya kikubwa, cha kati na kidogo. Herufi ninazozitaja ni viungo vidogo vya kemikali vinavyounda vinasaba, ambavyo kwenye DNA huandikwa A, C, G na T. Kikubwa kina herufi zipatazo 6,400, cha kati 3,900 hivi, na kidogo 1,700 hivi. Jumla ni herufi zipatazo 12,000 tu, maandishi yanayoweza kuenea kwenye kurasa tano au sita za daftari. Ukilinganisha na vinasaba vya binadamu, ambavyo vina herufi bilioni tatu, huo ni ujumbe mfupi sana, na kazi ya mbunifu wa kipimo ni kuchagua sehemu ndogo ya ujumbe huo, kwa kawaida chini ya herufi mia moja na hamsini, ambayo ikionekana kwenye sampuli atakuwa na haki ya kusema virusi vipo.

Teknolojia inayotumika zaidi ni PCR, na wengi walianza kulisikia jina hilo wakati wa UVIKO-19. Kwanza kimeng'enya hunakili RNA ya virusi kuwa DNA. Vimeng'enya vya aina hiyo viligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa njia yake. Kisha DNA hiyo hurudufishwa kwa mbinu aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983: mashine hupasha mchanganyiko joto hadi nyuzijoto 95 hivi ili nyuzi mbili za DNA ziachane, huupoza hadi nyuzijoto 60 hivi ili vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa maabara, viitwavyo praima, vishike mahali panapofanana navyo, na hapo kimeng'enya kingine huanza kuandika kutoka mwisho wa praima na kwenda mbele. Kimeng'enya hicho kinastahimili joto kali kwa sababu asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone nchini Marekani. Kila mzunguko unapokamilika, idadi ya nakala huongezeka mara mbili. Nakala moja ikizunguka mara 30 bila hitilafu huwa nakala 1,073,741,824. Nguvu yote ya kipimo imo katika kuzidisha huko, na hatari zake nyingi zimo humo humo.

Jambo la kulishika ni kwamba kimeng'enya hakijui virusi ni nini. Kinaanza kuandika pale tu praima iliposhika. Kwa hiyo kipimo kizima kinasimama juu ya herufi za praima mbili, moja kila upande wa sehemu iliyochaguliwa, na kama herufi hizo hazilingani vya kutosha na virusi vilivyomo kwenye sampuli, mashine itazunguka mara arobaini na kutoa jibu hasi kwa mgonjwa aliyejaa virusi.

Mbunifu hujikinga na balaa hilo kwa kukusanya maandishi yote ya vinasaba vya virusi hivyo yaliyokwisha kusomwa na kuwekwa kwenye hazina za umma kama GenBank, kisha kuyapanga moja chini ya jingine ili herufi ya mahali pamoja isimame kwenye safu moja. Ukiyatazama kwenye skrini yakiwa yamepangwa hivyo, unaona safu ndefu ambazo herufi hazibadiliki kabisa, na hapa na pale safu iliyochanganyika, A kwa virusi vya Kenya, G kwa vya Senegali. Homa ya Bonde la Ufa humfaa mbunifu katika hili, kwa kuwa aina zake zilizotengwa miaka na nchi mbalimbali hutofautiana kwa takribani asilimia 5 tu ya herufi, tofauti iliyo ndogo kwa virusi vya RNA. Anayebuni kipimo cha dengi, ugonjwa ambao virusi vyake ni vya aina nne zinazotofautiana sana, ana kazi ngumu kuliko hiyo, na mara nyingi hulazimika kutengeneza praima za aina kadhaa kwenye mchanganyiko mmoja.

Asilimia tano, hata hivyo, ni wastani, na wastani hauonyeshi ni herufi ipi hasa inayobadilika. Kwenye praima ya herufi ishirini na mbili, asilimia tano ni herufi moja. Herufi hiyo ikibadilika mwanzoni mwa praima, mara nyingi kipimo huvumilia. Ikibadilika mwishoni, pale kimeng'enya kinapotakiwa kuanza kuandika, kazi yote inaweza kukwama, mithili ya zipu ambayo jino la kwanza halikukaa sawa. Ndipo mbunifu mzoefu hutumia ujuzi wa jinsi protini zinavyoandikwa. Vinasaba husomwa herufi tatu tatu, kila tatu zikitaja kiungo kimoja cha protini, na mara nyingi herufi ya tatu inaweza kubadilika bila protini kubadilika. Virusi hubadilika zaidi kwenye hizo herufi za tatu kwa sababu mabadiliko hayo hayaviathiri sana. Basi praima hupangwa ili herufi yake ya mwisho isiangukie hapo, na ikiwezekana iishie kwenye metionini au triptofani, viungo viwili ambavyo kila kimoja kina namna moja tu ya kuandikwa: ATG na TGG.

Ni vizuri kuitazama praima halisi kwa karibu. Mwaka 2007 Brian Bird na wenzake nchini Marekani walichapisha kipimo cha homa ya Bonde la Ufa kilicholenga kipande L, wakakijaribu kwa aina 40 za virusi hivyo, na kikazitambua zote. Praima ya upande mmoja imeandikwa hivi:

TGAAAATTCCTGAGACACATGG

Zihesabu: ni herufi 22. Kati yake G ni tano na C ni nne, jumla tisa, yaani asilimia 41. Wabunifu hupenda kiwango hicho kiwe kati ya 40 na 60, kwa sababu G na C hushikana kwa vifungo vitatu na A na T kwa vifungo viwili, hivyo praima yenye G na C chache mno hulegea na yenye nyingi mno hung'ang'ania hata mahali pasipo pake. Kuna kanuni ya zamani ya kukadiria joto ambalo praima huachia: hesabu nyuzi mbili kwa kila A au T, na nyuzi nne kwa kila G au C. Hapa ni 26 jumlisha 36, yaani nyuzi 62. Praima ya upande wa pili ni ACTTCCTTGCATCATCTGATG, herufi 21, zikiwamo G na C tisa vilevile, na kanuni hiyo inaipa nyuzi 60. Zinakaribiana, na hilo limekusudiwa, kwani praima mbili zinazofanya kazi kwenye kichupa kimoja kwa joto moja lazima zishike na kuachia karibu pamoja. Siku hizi kompyuta hufanya hesabu iliyo makini zaidi inayozingatia chumvi na majirani wa kila herufi, lakini naona bado inafaa kuifanya hii ya mkono angalau mara moja, kwa sababu ukiimaliza hutaiona tena praima kama mstari wa herufi ovyo. Tazama pia mwisho wake: ATGG. Herufi mbili za mwisho ni G na G, zinazoshika kwa nguvu pale pale kimeng'enya kinapoanzia.

Katikati ya praima hizo mbili hukaa kipande cha tatu, probu, chenye herufi 28 katika kipimo hicho: CAATGTAAGGGGCCTGTGTGGACTTGTG. Upande mmoja wa probu umefungwa rangi inayong'aa, na upande wa pili umefungwa kizimio kinachoumeza mwanga huo wakati viwili viko karibu. Kimeng'enya kinapopita kikiandika, huikatakata probu, rangi huachana na kizimio, na mashine huona mwanga. Probu hutengenezwa iwe na joto la kushika lililo juu kuliko la praima, kwa nyuzi tano hadi kumi, ili iwe imekwisha kukaa mahali pake kabla uandishi haujaanza. Vilevile haitakiwi kuanza na G, kwa kuwa G iliyo jirani na rangi hupunguza mwanga wake. Hii imeanza na C. Lakini ukiangalia katikati utaona GGGG, G nne mfululizo, jambo ambalo miongozo ya ubunifu hushauri liepukwe. Walilikubali na kipimo kikafanya kazi. Hilo hunifunza kwamba kanuni hizi ni za kupimana: mahali pasipobadilika penye dosari ndogo pana thamani kuliko mahali pazuri panapobadilika kila mlipuko.

Uchaguzi wa kipande, L au M au S, una uzito wake. Mnyama mmoja akiambukizwa aina mbili za virusi kwa pamoja, aina hizo zinaweza kubadilishana vipande, kwa hiyo kipimo kinachosoma L pekee hakisemi lolote kuhusu asili ya M na S. Kwa kuthibitisha ugonjwa, hilo si tatizo. Kwa kufuatilia virusi vimetoka wapi, ni tatizo kubwa. Watafiti waliosoma vinasaba vya virusi vya mlipuko wa 2006 na 2007 Afrika Mashariki walikuta nasaba zaidi ya moja zikitembea kwa wakati mmoja, wakaziita Kenya-1, Kenya-2 na Tanzania-1, na nasaba hizo hazitofautishiki kwa kipimo cha herufi tisini za kipande kimoja.

Kisha kuna suala la chanjo, ambalo katika mikoa ya wafugaji haliepukiki. Chanjo ya Smithburn, iliyotumika kwa mifugo kwa miongo mingi, ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na kipimo cha kipande L kinaweza kuwaka kwa ng'ombe aliyechanjwa karibuni kama kinavyowaka kwa ng'ombe mgonjwa. Chanjo nyingine iitwayo Clone 13 ina alama ya asili: imepungukiwa asilimia 69 ya jini moja (sehemu ya vinasaba yenye maelekezo ya kutengeneza protini) la kipande S, liitwalo NSs. Mbunifu mwerevu anaweza kuweka seti mbili za praima kwenye kichupa kimoja zenye rangi tofauti, moja ikitafuta L na nyingine ikitafuta sehemu ile ya NSs iliyopotea kwenye chanjo. Rangi zote mbili zikiwaka, ni virusi vya mwituni. Ikiwaka ya L peke yake kwa nguvu, ulizeni kwanza daktari wa mifugo kama kundi lilichanjwa. Kuweka malengo mawili kwenye vipande viwili kuna faida nyingine pia: virusi vikibadilika mahali pamoja, upande wa pili bado utavikamata.

Praima zikishapatikana, swali linalofuata ni kiasi gani cha virusi kinaweza kuonekana, na hapa hesabu rahisi huondoa imani nyingi zisizo na msingi. Tuseme maabara inachukua mikrolita 140 za majimaji ya damu, inasafisha RNA yote iliyomo na kuipata kwenye mikrolita 60 za maji, kisha inaweka mikrolita tano kati ya hizo kwenye kichupa cha kipimo. Tano ni sehemu moja ya kumi na mbili ya sitini. Kwa hiyo mashine haikutazama mikrolita 140 za damu ya mgonjwa; imetazama mikrolita 11.7 hivi, chini ya tone moja. Hata kipimo kikiwa kamili kabisa, hakiwezi kuona kisichoingia kwenye kichupa, na sheria za bahati zinasema kwamba ikiwa wastani ni nakala tatu kwa kichupa, vichupa vitano katika kila mia vitakosa hata nakala moja. Ndiyo sababu kipimo kisicho na dosari yoyote kinahitaji wastani wa nakala tatu ili kifaulu mara 95 kati ya 100, na ukirudisha hesabu hiyo kwenye damu, ni nakala zipatazo 250 kwa kila mililita. Chini ya hapo, «hasi» inaweza kuwa bahati tu. Mgonjwa wa homa ya Bonde la Ufa katika siku za kwanza huwa na virusi vingi kupita kiwango hicho kwa mbali. Siku zikisonga na kingamwili zikianza kazi, virusi hupotea kwenye damu upesi, na mgonjwa aliyefika hospitali siku ya tisa baada ya kuzunguka kwenye maduka ya dawa anaweza kupimwa kwa kipimo bora kuliko vyote na akapewa jibu hasi lililo sahihi kwa damu yake na lisilo sahihi kwa ugonjwa wake. Kwa mtu kama huyo, kipimo cha kingamwili za awali ndicho kinachofaa, na fomu ya sampuli isiyokuwa na tarehe ya kuanza kwa homa huinyima maabara uwezo wa kujua hilo.

Nguvu ya kuzidisha mara bilioni ina upande wake wa pili. Kichupa kimoja cha kipimo kilichokwisha kuwaka kina mabilioni ya nakala, na tone lisiloonekana likiruka kutoka humo hadi kwenye vitendanishi vipya, kila mgonjwa wa siku inayofuata atakuwa «chanya». Niliwahi kukaa mbele ya mashine katika maabara moja nikiangalia kichupa cha maji matupu, ambacho huwekwa kila mara kama mlinzi, kikianza kung'aa kwenye mzunguko wa 37. Majibu yote ya siku hiyo yalifutwa. Ilichukua siku tatu kugundua kwamba pipeti iliyotumika kuzimua sampuli ya majaribio ilikuwa imerudishwa kwenye chumba safi cha kuandalia vitendanishi. Tangu siku hiyo nimekuwa mtetezi mkubwa wa mbinu moja ya ubunifu isiyo na gharama: RNA ya kutengenezwa inayotumiwa kama mfano chanya, yaani sampuli ya kujaribia ambayo lazima iwake, iongezewe ndani yake herufi chache ambazo virusi vya kweli havina. Ikivuja na kuchafua sampuli, kusoma herufi hizo kutaibainisha mara moja, na hakuna mwanakijiji atakayeambiwa ana ugonjwa kwa sababu ya mfano wa maabara.

Mlinzi wa pili hukaa ndani ya kila sampuli. Mbunifu huongeza seti nyingine ya praima inayotafuta kitu ambacho lazima kiwepo, kama vile jini la binadamu liitwalo RNase P, au virusi vya bakteria visivyo na madhara ambavyo hutiwa kwa kipimo maalumu wakati wa kusafisha RNA. Kisipoonekana, maana yake sampuli iliharibika au kuna kitu kilichozuia vimeng'enya, labda mabaki ya damu iliyovunjika, na jibu halali si «hasi» bali ni «rudia». Naomba wanaosoma majibu waulize daima kama mlinzi huyo alionekana.

Kuhusu mzunguko ambao mwanga huonekana, inatosha kujua kwamba tofauti ya mizunguko 3.3 ni tofauti ya mara kumi ya kiasi cha virusi. Sampuli inayowaka kwenye mzunguko wa 20 ina virusi mara elfu moja kuliko inayowaka kwenye wa 30. Inayowaka kwenye wa 38 inastahili kurudiwa, na ikiwezekana kwa lengo la kipande kingine, kabla mtu hajaitwa mgonjwa. Tahadhari hiyo ina uzito zaidi pale ugonjwa ulipo adimu: kipimo kinachokosea mara moja tu katika watu mia wasio na ugonjwa, kikitumika kwa watu elfu moja ambao mmoja wao tu ni mgonjwa, kitatoa majibu chanya ya uongo yapatayo kumi kwa moja la kweli.

Sasa turudi nyanda za juu kusini, kwa kuwa kipimo hubuniwa mezani lakini hutumika mahali fulani. Kutoka vijiji vya kando ya ziwa hadi Mbeya mjini kuna zaidi ya kilomita mia moja za kupanda kupitia Tukuyu, na RNA ni kitu dhaifu: vimeng'enya vinavyoivunja vimo mpaka kwenye vidole vyetu. Sampuli inayosafiri kwenye boksi la barafu lililoyeyuka njiani inaweza kufika ikiwa na damu isiyo na ujumbe. Njia nzuri ni kuichanganya damu pale pale zahanati na kimiminika chenye chumvi za guanidini, ambacho huua virusi na papo hapo hukizuia kimeng'enya chochote kisiguse RNA. Faida ni mbili, kwa sababu aliyeshika kichupa hicho kwenye basi dogo naye amelindwa. Hilo si jambo dogo kwa ugonjwa ambao watu wengi huupata kwa kugusa damu, nyama au vijusi vya wanyama walioambukizwa. Zipo pia mbinu zisizohitaji mashine ya kupasha na kupoza, kama LAMP, iliyoelezwa na watafiti wa Japani mwaka 2000, inayofanya kazi kwa joto moja la nyuzi 65 hivi. Inatumia praima nne hadi sita badala ya mbili, kwa hiyo inahitaji sehemu nyingi zaidi zisizobadilika ndani ya eneo fupi, na kuibuni kwa virusi vya RNA ni kazi yenye mtego. Hata hivyo kwa kituo cha afya chenye umeme wa jua naiona ina nafasi.

Utafiti wa Mbeya ulitoa kidokezo kingine ambacho mbunifu hapaswi kukipuuza. Ndani ya lile eneo dogo la karibu na ziwa, kila mita moja ya mwinuko wa makazi iliendana na upungufu wa asilimia 13 hivi wa kiwango cha watu wenye kingamwili, na sehemu za chini zilikuwa na madimbwi mengi. Tofauti ya mita chache ilikuwa tofauti kati ya nyumba yenye mbu na isiyo nao. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa maeneo yanayofurika, mayai hayo hustahimili ukame, na katika baadhi ya mbu hao virusi hurithishwa kupitia yai, hivyo mafuriko yakija wapo wanaotoka majini wakiwa wamekwisha kuambukizwa. Kwa mahali kama hapo, kipimo cha vinasaba kinaweza kutumiwa kwa mbu kabla ya watu: mbu 25 au 50 wa aina moja husagwa pamoja na kupimwa kama sampuli moja. Lakini mbu waliosagwa wana vitu vinavyozuia vimeng'enya kuliko damu ya mtu, na RNase P ya binadamu haina kazi humo, kwa hiyo mlinzi wa ndani lazima abadilishwe na kipimo kijaribiwe upya kwa mbu waliotiwa virusi vya kujulikana kiasi. Kipimo kilichothibitishwa kwa damu hakijathibitishwa kwa mbu.

Na hapo ndipo linabaki swali ambalo hazina za vinasaba haziwezi kulijibu. Maandishi yanayopangwa kwenye skrini yametoka sana kwenye milipuko mikubwa, kwa sababu milipuko ndiyo huleta watafiti na sampuli. Virusi vinavyozunguka kimyakimya kati ya mbu na ng'ombe kando ya Ziwa Nyasa, bila kimbunga cha kutupa mimba, vinaweza kuwa vimefuata njia yao wenyewe. Siku sampuli ya kwanza kutoka madimbwi yale itakapowaka na vinasaba vyake kusomwa vyote, jambo la kwanza la kufanya ni kuyaweka maandishi yake chini ya ile mistari miwili ya herufi 22 na 21, na kuanza kuangalia kutoka mwisho wa kila mstari.